Mimi Nauza Misumari Tu

Jamani, kuna watu wanakaa kimya mpaka unadhani hawana la kusema, kumbe maneno wanayo tele, wameyafungia tu. Rubina, ambaye Manundu nzima, pale Korogwe mjini, inamwita Mama Zahid, alikuwa wa aina hiyo. Duka lake la vifaa vya ujenzi liko pale karibu na njia ya kwendea sokoni, na ukitaka misumari, rangi, mabati au koki ya bomba, hutaambiwa nenda kwa mwingine. Ni Mhindi aliyezaliwa Korogwe, akaolewa Korogwe, akamzika mume Korogwe. Ila kwa yote hayo, ukimuuliza maoni yake kuhusu jambo lolote lenye harufu ya siasa, jibu lilikuwa moja.

"Mimi nauza misumari tu."

Na maswali hayakukosekana, maana mbele ya duka kulikuwa na benchi. Benchi la mninga, zito, ambalo baba yake, Mzee Gulamali, alilichongesha enzi hizo ili wateja wapumzike. Wateja walipumzika kidogo, wenye maneno wakalihamia moja kwa moja. Asubuhi anafika Mzee Semboja, mstaafu wa reli kutoka Mnyuzi, anakaa upande wa ukutani na redio yake. Anafuata Kaleb, kijana wa bodaboda, anaegesha pikipiki na kufungua simu. Na pembeni, kwenye jiko lake la mkaa, yuko Faudhia, Mzigua wa Handeni, anakaanga vitumbua na kuchemsha chai. Faudhia ana mikono ya dhahabu na mdomo usio na breki.

Basi hapo ndipo nchi ilipokuwa inaendeshwa. Kaleb anasoma yaliyoandikwa mtandaoni, Mzee Semboja anapinga kabla hajamaliza, Faudhia anawahukumu wote wawili huku anageuza kitumbua.

"Hizo simu zenu ndizo zinawachongea," Mzee Semboja alikuwa akisema. "Juzi mjukuu wangu kataja mbolea, mbolea tu, simu ikamletea matangazo ya mbolea mpaka jioni. Sasa kama mwenye mbolea anasikia, polisi atashindwa?"

"Mzee, polisi ana kazi ya kusikiliza habari zako za mgongo kuuma?" Kaleb anamchokoza.

"Asikilize. Labda ataniletea dawa."

Wanacheka. Halafu kuna mmoja lazima ageukie dirisha la duka aulize, "Mama Zahid, na wewe unasemaje?" Naye, bila kuinua macho kwenye mizani, anajibu lile lile la misumari. Wanacheka tena, maana walishalizoea, likawa kama sehemu ya mazungumzo.

Haikuwa kwamba hana maoni, we! Alikuwa nayo kila siku. Mzee Semboja akisema upuuzi, Rubina anaitupa misumari kwenye mizani kwa kishindo. Faudhia akisema kweli, anageuza uso kwenye rafu za rangi ili wasimwone anatabasamu. Kupiga kura hajawahi kukosa. Siku ya uchaguzi anapanga foleni alfajiri na baibui lake jeusi, anarudi na wino kidoleni, anafungua duka kana kwamba alitoka kununua mkate. Lakini baba yake alimwachia neno moja pamoja na funguo: binti yangu, sisi wenye maduka siasa inaishia nje ya mlango. Cheka na wote, wauzie wote, usiseme lolote. Mzee Gulamali alikuwa na sababu zake. Aliyaona mengi katika ujana wake. Rubina akalishika neno lile, na hata benchi lenyewe, ambalo ni lake kwa haki zote, hakuwahi kulikalia. Aliona ukishakaa pale, umeshasema kitu.

Sasa, ikatokea watu wasiojulikana wakamwibia ndoo za rangi. Zahid, mwanawe wa pekee ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, akaja sikukuu ya Idi na kamera, akaifunga juu ya mlango, akaiunganisha na simu yake ili awe anaangalia duka la mama yake akiwa huko huko. Siku za kwanza benchi liliingia baridi. Halafu Mzee Semboja akaanza kuiamkia kila asubuhi, "Shikamoo mkubwa!" na kuinua kofia. Kaleb akaigeuza kioo, anachania nywele chini yake. Wiki haikuisha, wakaisahau.

Walichojua ni kwamba kamera ina macho. Hakuna aliyejua kwamba ile ina masikio pia, hata Rubina mwenyewe.

Siku ya siku, Faudhia alikuwa ametoka kwao kumwona bibi yake, ndani ndani huko Handeni ambako maji ni habari nzito kuliko habari zote. Akarudi amejaa. Akachochea mkaa, akamimina mafuta, akaanza.

"Mimi sina ugomvi na diwani wetu wa kule Handeni. Mtu mzuri, anacheka vizuri, suti inamkaa. Ila lile bomba la kijijini amelikatia utepe mara tatu! Mara ya kwanza tukapiga vigelegele. Mara ya pili tukapiga vya kukopesha. Mara ya tatu bibi yangu kaniuliza, hivi huyu mtoto ana matatizo gani na vitambaa? Kama anapenda mkasi hivyo, si apewe cherehani? Maji hayajatoka hata tone, ila utepe tunao wa kushonea sare za harusi!"

Benchi likaanguka kwa kicheko. Mzee Semboja akapaliwa na chai. Na kule ndani, Rubina, ambaye siku zote aliweza kujizuia, siku hiyo alishindwa. Kicheko kikamtoka, kifupi, cha juu, kabla hajaziba mdomo na ncha ya mtandio.

Zahid aliyaona hayo akiwa ofisini kwake Dar, wakati wa chakula cha mchana. Akacheka mpaka wenzake wakamuuliza kuna nini. Basi kwa ujinga ule wa watoto wa siku hizi, ambao hawawezi kucheka peke yao, akakata kipande kile akakirusha TikTok. Alijiona mwerevu: aliondoa nyuso zote, akaacha jiko, sufuria, na miguu ya Faudhia yenye kandambili za bluu. Akaandika juu, "Apewe cherehani."

Weee! Kufikia jioni ilikuwa kwenye makundi yote ya WhatsApp, kuanzia Korogwe mpaka Handeni mjini. Pale Segera, wauza korosho walikuwa wanagonga madirisha ya mabasi huku wanaiga, "Bosi, korosho au upewe cherehani?" Kuna waliocheka, kuna waliolaani, kuna walioandika kwamba huyo mama ametumwa. Na diwani naye, kwa vile anacheka vizuri akicheka yeye tu, akaenda polisi kulalamika kwamba ametukanwa hadharani na kwamba kuna kikundi kinakaa kupanga kumchafua.

Asubuhi iliyofuata Rubina alifungua duka, akasikia ukimya. Benchi lilikuwa tupu. Kila jioni Faudhia huacha jiko lake stoo kwa Rubina na kila asubuhi hulichukua, na cha kwanza kinachotoka kwenye mafuta humletea Mama Zahid kwenye kisahani, hata mwezi mtukufu humwekea cha futari. Siku hiyo jiko lilibaki stoo. Faudhia alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha kinyozi, ameazima jiko la mtu. Mzee Semboja na Kaleb walikuwa huko pia, wamekalia viti vya plastiki, wameupa mgongo mlango wa Rubina.

Akavuka barabara. "Shikamoo, Mzee Semboja."

"Marahaba," mzee akajibu, akiangalia redio yake.

"Faudhia, mwanangu, mbona hukuja kuchukua jiko?"

Faudhia akamtazama, macho yamemvimba. "Mama, miaka yote hii umekaa kimya, tukasema ndivyo alivyo. Kumbe ulikuwa unaturekodi."

"Wallahi sikujua kama ile inasikia."

"Kamera iko mlangoni kwako, mama. Aliyeirusha ile video ni mwanao. Nikichukuliwa leo, wanangu wanamkuta nani nyumbani?"

 Rubina alirudi dukani, akakaa nyuma ya mizani, akalia. Tuseme ukweli, alilia sana. Maana sauti zile ndizo zilizomlea baada ya mume kufa. Ndizo zilizomfanya afungue duka hata siku ambazo hakutaka kutoka kitandani. Leo wanamwona mpelelezi. Akampigia Zahid, akamsema mpaka yule kijana akaishiwa na "samahani mama".

"Lakini nilikata nyuso, mama. Hawezi kujulikana."

"Mpumbavu wewe! Korogwe nzima inamjua kwa sauti. Si ungemuuliza kwanza?"

"Nifute?"

"Utafuta na Segera?" akasema, akakata simu.

Kabla ya adhuhuri akaingia mtu dukani. Shati la drafti, suruali imepigwa pasi mstari umesimama, viatu vinang'aa katika vumbi lote lile. Akauliza bei ya rangi nyeupe na hakuisikiliza alipotajiwa. Rubina alishaelewa. Ng'ambo ya barabara nao walishaelewa. Mkasi wa kinyozi ulinyamaza.

"Naitwa Enock," mgeni akasema kwa adabu, akaonyesha kitambulisho. "Ni askari, mama. Sikuja kwa ubaya. Kuna malalamiko yameletwa, nimetumwa kuyafuatilia. Ile video imepigwa hapa?"

"Hapa."

"Naomba kujua ile ni sauti ya nani."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Akimtaja Faudhia, huyo Faudhia anaondoka na wanawe wanabaki, na benchi lile halikaliwi tena mpaka kiama. Akisema sijui, basi ndilo jibu la baba yake, jibu safi, la dukani, linalomlinda yeye peke yake. Na kule ng'ambo watu watatu walikuwa wamesimama wakimwangalia mdomo, kila mmoja akisoma kwenye midomo ile kama ameshauzwa.

Rubina akainuka. Akatoka nje mpaka kibarazani, chini ya ile kamera, askari akalazimika kumfuata.

"Afande, niulize hapa," akasema. "Mazungumzo yalifanyika hapa, niulize hapa hapa."

Askari akaangalia huku na huku. Watu walishaanza kupunguza mwendo. "Sawa, mama. Ni nani anayezungumza?"

"Hilo siwezi kukujibu. Mtu akikaa kwenye benchi langu ni mgeni wangu."

"Sawa. Na huyu anayecheka mwishoni? Kuna mtu anacheka ndani ya duka."

Mama huyu, ambaye tangu apewe funguo hajawahi kutoa neno moja nje ya mlango, alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Huyo ni mimi."

Ng'ambo ya barabara Kaleb akasema "Eeeh!" kwa sauti.

"Ulikuwa unacheka nini, mama?"

"Nilicheka kwa sababu ni kweli."

 Nadhani askari alikuwa na swali jingine la kazi, lakini lililomtoka ni lile lile la siku zote, na wala hakujua ameuliza nini. "Kwa hiyo wewe, mama, unasemaje?"

Mzee Semboja alishaanza kutabasamu kwa huzuni. Angeweza kumjibia.

"Mimi nauza misumari," Rubina akaanza, na sauti ilikuwa inatetemeka. Halafu ikaacha kutetemeka. "Nauza na mabomba. Bomba lisilotoa maji ni chuma tu, afande, na chuma kinapatikana kwangu, hakihitaji kukatiwa utepe. Kazi ya diwani ni maji. Akiulizwa maji, ajibu maji. Hilo la kwanza."

Watu wakaanza kusogea.

"La pili linanihusu mimi. Kila uchaguzi, vyama vyote wanakuja hapa. Wanataka kamba za mahema, nawapa. Wanataka misumari ya jukwaa, nawapa. Lakini wakianza kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura, wanagonga kwa jirani wa kulia, wanagonga kwa jirani wa kushoto, mimi wananiruka! Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama hapa akasema, Mama Zahid, naomba kura yako. Kwani kura yangu ina kutu? Kitovu changu kimezikwa Korogwe. Baba yangu yuko kwenye makaburi ya hapa, mume wangu yuko hapo hapo. Foleni napanga alfajiri kuliko wao. Mimi si Mhindi wa kuombwa kamba tu, afande. Mimi ni mpiga kura wa Manundu! Andika hivyo. Rubina binti Gulamali. Gulamali usikosee."

Alimaliza anahema, mtandio umedondoka begani. Alikuwa amesimama wima, kidevu juu, na wanaomjua wanasema hawakujua kama ni mrefu kiasi kile.

 Halafu kandambili za bluu zikasikika zinavuka barabara. Faudhia alikuja na sahani ya vitumbua mkononi, machozi yanamtoka bila aibu, akasimama bega kwa bega na Rubina.

"Afande, sauti ile ni yangu. Naitwa Faudhia. Nilisema yale na nikiulizwa nitayasema tena, kwa sababu bibi yangu bado anachota kwenye lambo pamoja na ng'ombe. Kama kuuliza ni matusi, basi nimetukana."

"Faudhia, nyamaza mwanangu," Rubina akanong'ona.

"Sinyamazi, mama. Wewe hujanyamaza."

Askari Enock aliwaangalia wale wanawake wawili, akaangalia kundi la watu, akaangalia kamera juu ya mlango. Akajikuna shingo.

"Nimeyasikia yote," akasema mwishowe. "Tusi sijalisikia. Nitaandika nilichosikia."

"Andika yote," Rubina akamwambia. "Na maji."

"Na maji, mama." Akachukua kitumbua kwenye sahani, akataka kulipa, Faudhia akamkatalia. Akaondoka anatafuna, na viatu vyake having'ai tena kama alipokuja.

Sasa ungemwona Kaleb! Alikuja anaruka, anampigia Rubina makofi hewani. "Mama Zahid, wewe ni moto! Mpiga kura wa Manundu! Mimi hiyo naiweka nyuma ya pikipiki!" Mzee Semboja alivuka polepole na redio yake kwapani. Alipofika akasimama mbele ya benchi, hakukaa.

"Mama Zahid," akasema, "mimi nilikuwepo siku marehemu baba yako analishusha benchi hili kwenye mkokoteni. Nimelikalia mpaka limenizoea. Lakini wewe mwenye nalo sijakuona umelikalia hata siku moja."

"Nilikuwa na kazi, mzee."

"Kazi gani? Ulikuwa unaogopa. Na sisi tulikuwa tunakuuliza kila siku kwa masihara, hatukukusubiri ujibu. Hapo na sisi tulikosea." Akapangusa upande wa ukutani, upande wake mwenyewe, kwa kofia. "Kaa hapa."

Rubina alisita. Alifikiria baba yake na lile neno la mlangoni. Alimpenda baba yake, na hakuona kama anamkosea; aliona tu kwamba yule mzee alilinda duka vizuri, na sasa kuna kitu kingine cha kulinda. Akaketi. Ubao ulikuwa wa moto kwa jua. Kutoka pale barabara ilionekana yote, mpaka wanaotoka sokoni na mizigo kichwani, vitu ambavyo dirishani havionekani. Faudhia akaingia stoo bila kuomba ruhusa, akatoka na jiko lake.

Simu ikalia. Ni Zahid, sauti imempanda.

"Mama! Nimeona yote kwenye kamera! Umefanya nini, mama? Mbele ya polisi! Wewe ndiye uliyenifundisha tusiseme kitu. Usiogope, nimeshaifuta ile ya kwanza, na hii naifuta sasa hivi kwenye kamera, hakuna atakayeiona—"

"Zahid."

"Naam, mama."

Rubina alimgeukia Faudhia, akamuuliza kama na hii irushwe, Faudhia akaitikia kwa kichwa; ndipo akainua uso akaiangalia ile kamera moja kwa moja. Kitumbua cha kwanza kilikuwa kimeshawekwa kwenye kisahani pembeni yake.

"Usifute. Nimemuuliza Faudhia, amekubali, na mimi nimekubali. Irushe," akasema. "Na safari hii, mwanangu, uso wangu usiukate."